Herufi A Iliyofutika

Herufi A haionekani tena kwenye simu yangu ya zamani. Kitufe chake kipo, kinabonyea na kinaandika, ila pale palipochapwa A pamebaki weusi mtupu unaong'aa kidogo, kama kizingiti cha nyumba yenye watu wengi. I na U zimefifia. N na K zimeanza kulika pembeni. Lakini Q ni nzima, na X nayo ni nzima, nyeupe kama siku ile nilipoinunua. Mtu asiyenijua akiiokota simu hii njiani, akaifungua na kuvitazama vitufe vyake, nadhani angeweza kukisia kwamba mwenyewe alikuwa akiandika Kiswahili.

Ni Nokia N900. Ilitangazwa Agosti 2009 na kuanza kuuzwa Novemba ya mwaka huohuo. Mimi niliipata baadaye, ikiwa imeshapita mkononi mwa mtu, katika duka la upana wa mlango mmoja Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Ina uzito wa gramu 181 na unene wa milimita 18, kwa hiyo mfukoni unajua ipo. Skrini yake ni ya inchi 3.5, ndogo kwa macho ya leo. Ukiishika kwa mikono miwili na kuisukuma skrini kwa madole gumba, inapanda, inateleza, kisha inagonga mara moja kwa sauti kavu, na chini yake mistari mitatu ya vitufe inajitokeza ikiwa na taa. Fundi aliyeniuzia aliiita simu ya slaidi. Alifungua na kufunga, akafungua na kufunga, wala hakutaja kamera wala ukubwa wa kumbukumbu. Alijua kinachoiuza.

Kabla ya hapo nilikuwa na simu ya vitufe vya namba, kama kila mtu. Wasomaji waliokuwa vijana miaka ile wanakumbuka hesabu yake. Kitufe cha 2 kilibeba A, B na C; A ilipatikana kwa kubonyeza mara moja, B mara mbili, C mara tatu. Kitufe cha 7 kilibeba herufi nne, P, Q, R na S, na S ilikuwa ya mwisho. Kuandika "sasa" kulikuwa ni kubonyeza mara kumi kwa ajili ya herufi nne. Hapo ndipo vijana wa Tanzania walipoanza kuandika "xaxa". X ilikaa kwenye kitufe cha 9, ya pili tu baada ya W, kwa hiyo "xaxa" ilikuwa mibonyezo sita. Walimu walisikitika, wazee wa lugha wakasema kizazi hiki kinauharibu urithi wake. Mimi nimeamini siku zote kwamba kabla ya kuwa mtindo ile ilikuwa akili ya dole gumba. Kiswahili kina S nyingi mno kwa mashine iliyoiweka S mwisho wa foleni, na mkono ukatafuta njia ya mkato. Mtindo ukaja baadaye, ukabaki hata simu zilipobadilika, kama njia ya miguu inavyobaki uwanjani hata baada ya ukuta uliokuwa ukizungukwa kubomolewa.

Kwenye N900, S na X ni jirani, moja juu, nyingine chini yake, na kila moja ni mbonyezo mmoja. Sikuwa na sababu ya kukwepa. Niliandika "sasa" kama inavyosemwa, na tangu siku hiyo X ikapumzika. Ndiyo maana ni nyeupe hadi leo.

Mpangilio wa herufi hizi una umri mkubwa. Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani, na wenzake walipata hataza ya mashine yao ya kuandikia mwaka 1868, na kampuni ya Remington ikaanza kuiuza mwaka 1874. Katika miaka hiyo ndipo Q, W, E, R, T na Y zilipojipanga mstari wa juu. Sholes hakuwa na habari na Kiswahili. Lakini wakati ule ule, upande huu wa dunia, Edward Steere alikuwa akikipanga Kiswahili cha Unguja kwa herufi za Kilatini, na kitabu chake cha kuifundisha lugha hii kilitoka mwaka 1870. Lugha ambayo kwa karne nyingi iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa kalamu ya tete na wino, ilikuwa ikivalishwa herufi nyingine katika muongo uleule ambamo herufi hizo zilikuwa zikipangiwa viti kwenye mashine. Hakuna aliyewakutanisha. Q na X zilikosa kazi kwetu, C ikabaki na H yake tu, na A ikabebeshwa mzigo.

Na mzigo wenyewe si mdogo. Chukua salamu ya kawaida: "Habari za asubuhi, mama." Ina herufi 19, na sita kati yake ni A. Silabi zetu hufungwa kwa irabu, karibu kila konsonanti inakuja na mwenzake, kwa hiyo anayeandika Kiswahili anapiga irabu baada ya kila hatua moja au mbili, kama mtu anayetembea kwa fimbo. Kwenye vitufe vile vidogo nilianza kuusikia mwendo huo kwa mikono. Dole gumba la kushoto lina A na E. La kulia lina I, O na U. Kuna maneno yanayovuka huku na huku, "kaka", "nyumba", "habari". Kuna mengine yanayokaa upande mmoja tu. "Moyoni" lote ni la mkono wa kulia, herufi zote sita. "Kilimo" pia, na "mkoloni". Mkono wa kushoto umepewa "dada", umepewa "wewe", umepewa "wasaa". Nilipoligundua hili nilikuwa ndani ya daladala, foleni ya Magomeni, na nikakaa nikiyatafuta maneno ya upande mmoja hadi nikapitiliza kituo. Halina faida yoyote ya kielimu. Lakini miaka yote niliyoandika kwa kalamu sikuwahi kujua kwamba "wasaa" na "moyoni" hukaa pande mbili za mwili wangu, na nikishalijua siwezi kulisahau.

Tarehe 9 Januari 2007, jijini San Francisco, Steve Jobs alisimama mbele ya watu na kuzilaumu simu za vitufe vya plastiki. Hoja yake ilikuwa kwamba vitufe vile vipo unapovihitaji na usipovihitaji. Vimegandishwa pale, vinakula nafasi ya skrini. Ilikuwa hoja nzuri na imeshinda dunia nzima. Lakini haikuigusa simu ya slaidi. Simu ya slaidi iliificha kibodi mpaka uitake. Ukitaka kutazama, unatazama. Ukitaka kuandika, unafungua. Na huo ufunguaji, kwangu, ulikuwa sehemu ya kuandika. Kama vile mtu anavyovuta kiti mezani, au anavyokunja mikono ya kanzu kabla ya kula. Kwa nusu sekunde ile ya kusukuma skrini nilikuwa nimeshaamua kwamba nina jambo la kusema. Mara nyingine nilifungua, nikatazama vitufe vilivyowaka, nikaona sina jambo, nikafunga.

Hata simu ya kwanza kabisa ya Android ilianza hivyo. Ilitengenezwa na HTC ya Taiwan, ikaingia sokoni Marekani tarehe 22 Oktoba 2008 kwa jina la T-Mobile G1, na ilikuwa na kibodi ya kuteleza yenye mistari mitano. Ilikuwa na skrini ya kugusa, lakini skrini hiyo haikuwa na herufi za kuandikia. Hata jina la mtu mmoja hukuweza kuliandika bila kuifungua. Herufi za kwenye kioo zilikuja na Android 1.5, Aprili 2009. Na kuna jambo lililotokea Novemba 2008 ambalo kila nikilikumbuka linanisisimua. Kumbe simu ile ilipowashwa ilikuwa ikifungua kwa siri, nyuma ya pazia, mlango wa amri wenye mamlaka yote, na kila herufi iliyobonyezwa kwenye kibodi ilifika pia huko. Mtu akiandikia rafiki yake neno la Kiingereza linaloiamuru kompyuta ijizime na kujiwasha upya, kisha akabonyeza kitufe cha kumaliza mstari, simu ilitii: ikajizima na kujiwasha, katikati ya mazungumzo. Ilikuwa kasoro ya hatari, na ikarekebishwa haraka. Lakini inaonyesha jinsi kidole na moyo wa mashine vilivyokuwa karibu. Kitufe kilipobonyezwa, neno lilikwenda kama lilivyo, bila mkalimani.

N900 ilikuwa na mlango huo huo, ila wa halali. Ndani yake mlikuwa na Maemo 5, mfumo wa jamii ya Linux, na kulikuwa na dirisha la amri lililowekwa wazi kwa yeyote, na kitufe cha Ctrl pale pale kwenye kibodi. Waliounda simu hii waliamini mwenye simu anaweza kuwa na la kuiambia mashine yake. Ilikuwa pia na kitu ambacho sijakiona tena kwenye simu nyingine niliyomiliki: kirusha mawimbi kidogo cha FM. Nilikuwa nikiiweka kando ya redio ya baba, nikatafuta masafa yasiyo na stesheni, na Bi Kidude akaimba kutoka kwenye redio ileile iliyozoea taarifa ya habari.

Baba alikuwa karani mpiga chapa. Alijifunza Tanga, kwenye chumba ambako mwalimu aliifunika mashine kwa kitambaa ili wanafunzi wasione herufi, wakapiga kwa vidole kumi mpaka mikono ikajua yenyewe. Aliifanya kazi hiyo maisha yake yote ya ofisini. Alipostaafu alirudi Muheza, na presha ya macho ikamchukulia nuru kidogo kidogo, kwanza pembeni, kisha katikati, mpaka akabaki na tofauti ya mchana na usiku tu.

Nilikwenda kumtazama wakati wa masika. Alikuwa barazani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeshika nini? Mbona kinagonga?"

Nilikuwa nimeifungua simu nimjulishe dada kwamba nimefika. Nikamwambia ni simu, ina vitufe kama vya taipureta.

"Lete."

Aliipokea kwa mikono miwili. Kwa muda hakusema. Madole gumba yalipita juu ya mistari, kutoka kushoto kwenda kulia, polepole, kama anayesoma tasbihi. Kisha akaanza kutaja kwa sauti ya chini, akigusa moja moja, mpaka mstari wa juu ukaisha. Akashuka mstari wa kati. Hakukosea. Vidole kumi vilikuwa vimepunguzwa kuwa viwili, mashine ya kilo nyingi ilikuwa imekuwa kitu cha kutia mfukoni, na bado A ilikuwa jirani ya S, na S jirani ya D, kama alivyoziacha ofisini. Aliposhuka chini, kidole kilikwenda katikati kutafuta kitufe cha nafasi, kikakuta herufi.

"Nafasi iko wapi?"

"Kulia, baba. Baada ya M."

Akaitafuta, akaipata, akaibonyeza mara mbili tatu kuizoea. Kisha akauliza, "Unamwandikia nani?"

"Dada. Anataka kuja leo kutoka Moshi."

"Niache nimwandikie mimi."

Aliandika kwa muda mrefu. Mvua ilikuwa imeanza tena na mimi nilikaa nikiutazama uso wake, ambao haukuelekea kwenye simu. Ulikuwa umeelekea bustanini, kama ulivyokuwa ukielekea dirishani enzi zile nilipokwenda ofisini kwake baada ya shule, naye akipiga barua za watu wengine bila kuitazama mashine. Aliponirudishia nilikuta maneno haya, na sikubadilisha herufi: "Hali yangu njema.  Usisafiri leo.  Mvua kubwa.  Baba." Ulikuwa ujumbe wa mtu aliyezoea simu za maandishi, zile ambazo kila neno lililipiwa. Nikautuma.

Miaka michache baadaye nilimpa simu ya kioo, mpya, nikidhani namfanyia wema. Akaipitishia kidole, juu, chini, pembeni. Akairudisha taratibu.

"Huku hamna kitu, mwanangu."

Najua simu hizo zina sauti ya kuwasomea wasioona, na wapo wanaozitumia kwa ustadi mkubwa. Baba hakuwa na nguvu ya kuanza darasa jipya. Lakini neno lake limebaki kwangu kwa sababu lilikuwa sahihi kwa maana yake yenyewe. Kwa kidole, kioo hakina kitu. Hakina ukingo wa herufi, hakina jirani, hakina mahali. Herufi zipo kwa macho peke yake, na kwa sababu kidole hakizisikii, kidole hukosea, na kwa sababu hukosea, mashine imefundishwa kukisia ulichotaka kusema. Hapo ndipo lugha inapoingia matatani, maana anayekisia hukisia kwa lugha aliyolelewa nayo. Baba alipofariki nilipokea salamu nyingi za rambirambi, na moja, ya rafiki yangu wa tangu utotoni, ilisema "Pole Santa". Alikuwa ameandika "sana". Alipoona kilichokwenda alinipigia simu akiwa na kilio, akiomba radhi kama aliyenitukana msibani. Nilimwambia nimeelewa, na kweli nilielewa. Ila niliumia kwa ajili yake: mtu ana neno moja tu la kunipa katika saa ile, na likabadilishwa mkononi mwake kabla halijafika. Siku hizi kibodi za kioo zimejifunza Kiswahili, tena vizuri kuliko nilivyotarajia, nami nazitumia kila siku. Lakini kukisiwa vizuri bado ni kukisiwa.

Mlango wa simu kama N900 yangu ulifungwa haraka. Tarehe 11 Februari 2011, jijini London, mkuu wa Nokia, Stephen Elop, alitangaza kwamba kampuni inakwenda na mfumo wa Microsoft. Mwaka huohuo, mrithi wa ukoo ule wa Linux alitoka kwa sura mbili. N9, ya kioo kitupu, iliuzwa. N950, yenye kibodi ya kuteleza, ilitengenezwa chache na kupewa watunga programu, dukani haikufika. Wapo watu wa kujitolea ambao hadi leo wanaitengenezea N900 mfumo wenye uhai, wanauita Maemo Leste, na mtu asiyewahi kuipenda simu hawezi kuelewa kwa nini wanajisumbua. Mimi naelewa.

Yangu bado inawaka. Betri yake ni BL-5J, iliyotumika pia kwenye Nokia za bei nafuu zilizojaa nchini kwetu, 5230 na nyingine, kwa hiyo kila ya zamani inapochoka nakwenda Kariakoo, natoa kifuniko cha nyuma kwa kucha, naweka nyingine. Haihitaji bisibisi. Mara ya mwisho kijana wa dukani, ambaye sidhani alikuwa amezaliwa wakati nikiandika "xaxa", aliiomba, akaisukuma, ikagonga. Akaandika jina lake. Akalifuta, akaliandika tena bila kutazama, kisha akatazama kama limetokea.

Ujumbe wa baba umo humo. Nilitaka kuuhamishia kwenye simu mpya, nikauandika upya kwenye kioo, nikauweka sambamba na wa zamani nilinganishe. Maneno yalikuwa yaleyale, lakini wake ulikuwa mrefu kidogo. Nilitazama mara mbili ndipo nikaona: kila baada ya nukta ameacha nafasi mbili. Ndivyo walivyofundishwa kule Tanga, chini ya kitambaa, nukta, kisha nafasi mbili, ili sentensi ipumue kabla ya inayofuata. Alikuwa haoni, kitufe cha nafasi kilikuwa mahali pasipo pake, mvua ilikuwa ikinyesha, na kila nukta alirudi kulia akabonyeza mara mbili.

Nikaufuta ule wa kioo. Nikauandika tena, nikihesabu nafasi.